Ushauri: Thames Path ndani ya London, Hampton Court hadi Thames Barrier, siku tatu

Mguu_Njiani

Wakuu, habari za wakati huu. Mwishoni mwa Oktoba mimi na mke wangu tunataka kutembea Thames Path, njia ya miguu kandokando ya mto Thames, kipande cha ndani ya London tu, kuanzia Hampton Court hadi Thames Barrier, lile lango la kuzuia mafuriko. Kwa ramani naona ni kama kilomita 60. Kilomita 15 kwa siku tunazimudu, ila hatujawahi kuunganisha siku tatu mfululizo, na goti la mama watoto halipendi ngazi.

Naomba msaada kwenye haya: tuigawe vipi? Tushike ukingo upi, maana naona njia iko pande zote mbili? Viatu gani? Na je, kuna sehemu inayoweza kutukwamisha ambayo ramani haiisemi?

Bamvu_na_Mafu

Mkuu, naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo linalowaharibia watu safari. Kuanzia Teddington kushuka chini, Thames inajaa na kupwa kama bahari. Kwenye London Bridge, siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hufika kama mita 7. Ndiyo maana Richmond, Twickenham na Chiswick Mall maji hupanda juu ya njia yenyewe, hata kama haijanyesha tone.

Bamvu huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Jambo la kushika ni hili: siku za bamvu, London Bridge hujaa alasiri, kati ya saa 8 na saa 11, kisha tena usiku wa manane. Richmond hujaa kama saa moja baadaye. Kwa hiyo anayeanza Hampton Court saa 3 asubuhi anaipita Richmond pakiwa pakavu, na aliyechelewa kuanza anaikuta njia iko chini ya maji.

Port of London Authority, mamlaka ya bandari ya London, hutoa majedwali ya maji bure. Soma juu ya jedwali kama saa zake ni za GMT. Kabla Waingereza hawajarudisha saa nyuma unaongeza saa moja, la sivyo hesabu yako yote inakwenda upogo.

Ukikuta njia imezama, usiivuke kwa kukisia. Chini ya maji huoni ukingo wa jiwe unaishia wapi, na tope lake linateleza kama sabuni. Subiri saa moja au mbili yapwe, au panda barabara ya juu.

Ramani_Mkononi

Mgawanyo ninaoupendekeza:

Siku ya 1: Hampton Court hadi Kew Bridge, kama km 18.
Siku ya 2: Kew Bridge hadi Westminster, kama km 20.
Siku ya 3: Westminster hadi Barrier, kama km 20 na ushei, kutegemea njia za kuzungukia mtakazokutana nazo.

Ukitoka stesheni ya Hampton Court, usianze kutembea upande huohuo. Vuka daraja kwanza, shuka upande wa kasri, mto uwe kuliani kwako. Fuata ukingo huo kama km 5 hadi Kingston Bridge, vuka tena, na kuanzia hapo kaa ukingo wa kusini, mto ukiwa kushotoni. Kibao cha njia kina alama ya tunda la mwaloni. Katikati ya jiji vibao ni haba na vingine vimefichwa na matangazo, kwa hiyo ile kanuni ya mto kushoto ndiyo itakayowaokoa.

Kwa nini kusini? Kuanzia Teddington hadi Putney, kusini unapata njia ya zamani ambayo farasi walipita wakivuta majahazi, haikatiki, miti kichwani muda wote. Kaskazini njia inaacha maji mara kwa mara pale Twickenham, Isleworth na Brentford, unajikuta unatembea kando ya magari.

Tahadhari moja: kati ya Richmond Lock (lango la kupitishia boti) na Kew, bustani za Kew ziko upande mmoja na mto upande mwingine. Ni kama km 4 zisizo na mahali pa kutokea, hakuna taa, na kipande hicho nacho hulowa siku za bamvu. Msikiingie jioni. Mkichoka, malizeni Richmond, stesheni iko karibu na daraja.

Kisigino

Upande wa viatu, watu wengi hukosea kwa kuvaa buti nzito za mlimani. Kuanzia Putney hadi mwisho, karibu njia yote ni lami, zege na mawe ya kupigwa. Soli ngumu haikunjiki, kwa hiyo kila hatua inagonga kisigino na goti. Raba za kukimbilia zenye soli nene ndizo zinazofaa, nusu saizi zaidi ya kawaida, kwa sababu mguu huvimba ukitembea saa tano au sita. Kabla ya Putney ndiko kwenye tope na majani yaliyoanguka, na kwa hapo angalia raba iwe na meno kidogo chini.

Malengelenge hutokana na unyevu, joto na msuguano vikikutana. Badilisha soksi katikati ya safari hata kama unaziona kavu. Ukisikia sehemu inachoma kidogo, simama papo hapo, usisubiri kituo kinachofuata. Kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa, na pembe zake uzikate ziwe duara kwanza, maana pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka ndani ya soksi.

Ramani_Mkononi

Naongezea la mwanga, maana Oktoba ina mtego. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi. Jumamosi yake jua linazama karibu saa 11:45 jioni, kesho yake linazama kama saa 10:40. Safari yenu ikiangukia baada ya hapo, anzeni saa 2 asubuhi, si saa 4.

Mguu_Njiani

Nashukuruni sana wakuu. Hilo la bamvu nisingelijua. Siku ya pili na ya tatu mnazionaje? Na niliona Greenwich kuna njia ya chini ya mto, goti litaiweza?

Mpita_Njia

Handaki la Greenwich lipo tangu 1902, lina urefu wa mita 370 hivi, na linawapeleka ukingo wa kaskazini. Nyinyi mnakwenda Barrier, na Barrier mnaifikia kwa kusini, kwa hiyo hamlihitaji. Mkitaka kuliona tu, kuna lifti kila upande, lakini ikiharibika ni ngazi kama 100. Kwa goti hilo, liacheni.

Siku ya pili, mkipita Hammersmith Bridge kuna uamuzi. Kusini ni changarawe na miti, kaskazini kumesakafiwa na kuna vyoo na mahali pa kula. Daraja lilifungiwa magari 2019, wenye miguu wanavuka. Mimi ningebaki kusini, kwa sababu changarawe inapumzisha magoti kabla ya zege la Battersea. Baada ya Putney, pale Wandsworth, njia inaacha mto kuuzunguka mdomo wa mto Wandle. Msidhani mmepotea.

Bamvu_na_Mafu

Siku ya tatu ianzeni mapema kwa sababu nyingine: kati ya Westminster na Tower Bridge, mchana wa wikendi watu hujaa mpaka mwendo unashuka nusu. Saa 2 asubuhi mnapita peke yenu. Baada ya hapo Rotherhithe njia inaingia na kutoka katikati ya majengo, Deptford inaacha mto kabisa kwa kipande kirefu, na rasi ya Greenwich mara nyingi ina ujenzi. Wekeni saa nzima ya ziada kwa ajili ya kuzunguka. Mageti ya baadhi ya vipande vilivyo mbele ya majengo ya watu binafsi hufungwa usiku.

Mwelekeo mliochagua ni mzuri. Upepo wa huko mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo utawasukuma mgongoni, na jua la jioni halitawapiga usoni.

Mpita_Njia

Mkifika Barrier msitegemee stesheni mlangoni. Iliyo karibu ni Charlton, dakika 15 hadi 20 kwa miguu, kidogo kupanda. Kadi ileile ya kulipia nauli mliyogusisha kwenye mashine kuingia treni ndiyo mguse kutoka, kila mtu na yake. Mkisahau kugusa mnapotoka, mnakatwa nauli ya juu kabisa.

Kisigino

Goti likianza kulalamika siku ya tatu, kateni pale Greenwich. Treni zipo, na boti za abiria zinasimama gatini hapohapo. Kipande cha Greenwich hadi Barrier mnaweza kukirudia asubuhi ya kesho yake mkiwa mmepumzika, ni mwendo wa saa mbili.