Nimenyanyua VX 80, propela ya mbele inatetemesha gari. Niweke ya aina gani?

Mpwa wa Rufiji (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, usingizi sipati. Nina Land Cruiser 80 VX ya 1996, injini ya dizeli 1HD-FT, ile inayovuta miguu yote minne muda wote. Nimeinyanyua inchi 4 kwa springi na shokapu mpya. Tangu hapo nikigusa spidi 80, sakafu inatetemeka, kioo cha katikati kinacheza mpaka hakionyeshi kitu, na kuna mvumo chini ya miguu yangu. Nikiachia mafuta unapungua, nikikanyaga unarudi. Fundi anasema nibadilishe propela ya mbele, lile bomba linalopeleka mzunguko kwenye difu ya mbele. Swali: nichukue ya kawaida, yenye krosi (kiungo kinachojikunja) moja kila upande, au ile yenye krosi mbili upande wa transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma? Ijumaa naenda Mloka.

Kijana wa Sinza
Shangingi limetulia zake miaka yote, umelinyanyulia nini mkuu? Mloka mbona basi linafika.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, marehemu baba watoto alikuwa na Land Rover 110. Mombo mpaka Lushoto tumeipanda miaka na miaka, springi hakuzigusa. Alfajiri anatandika gunia, analala chini na bomba la grisi, hatoki mpaka krosi zote zimetema grisi mpya. Nyie mnanyanyua gari mnasahau kulihudumia. Hizo krosi zimepata grisi lini?

Mpwa wa Rufiji
Shikamoo mama. Krosi zote mpya na grisi imejaa. Tatizo si hilo. Naomba turudi kwenye swali, ya kawaida au ya krosi mbili?

Mzee wa Spana
Huwezi kujibiwa hivyo. Kwenye 80 ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayorudi nyuma kwenye chasisi. Ukinyanyua gari kwa springi, ekseli inazunguka kidogo, pua ya difu, pale propela inapofungwa, inatazama juu. Hapo kasta, ule mwinamo wa mhimili wa usukani unaofanya tairi zirudi kunyooka zenyewe, ambayo kiwandani ni karibu digrii 3, inashuka kuelekea sifuri na gari inaanza kutangatanga barabarani. Propela yenye krosi moja kila upande inataka pembe za pande zote mbili zilingane. Pua ikipanda, pembe ya kwenye difu inapungua na ya kwenye transfa inaongezeka, mtetemo unazaliwa. Ya krosi mbili inataka pua iitazame transfa moja kwa moja. Ukifunga bushi za kurudisha kasta, zile za kwenye mikono ya ekseli, pua inashuka tena, hiyo ya krosi mbili itakutesa na ya kawaida ndiyo itakufaa. Sasa niambie mambo mawili. Bushi za kasta umefunga? Na propela iliyopo imeguswa?

Mpwa wa Rufiji
Bushi nimefunga mzee wangu, bila hizo usukani ulikuwa haurudi wenyewe. Ila ya krosi mbili nimeshaitolea advansi, inatoka Dubai. Muuzaji amesema inafaa gari yoyote iliyonyanyuliwa, na huyu mtu anauza spea za 80 siku zote.

Mzee wa Spana
Swali la pili umeliruka.

Mpwa wa Rufiji
Imeongezwa. Baada ya kunyanyua, fundi aliona slaidi, ile sehemu ya propela inayorefuka na kufupika, imetoka sana, akaikata katikati, akaunga kipande cha bomba akachomelea. Nilisimama pale mwanzo mwisho, kazi safi, mshono umesagwa hauonekani. Na tusidharau mafundi wetu, nusu ya magari yanayobeba mizigo nchi hii yamechomelewa. Juzi tuliitoa hiyo propela kwa muda, nikaendesha mpaka Kibaha na kurudi, gari ilitulia kabisa. Kwa hiyo najua tatizo ni propela, ndiyo maana nauliza ya kununua.

Dereva wa Nyika
Kaka, mimi nabeba wageni huku Arusha. Ya kuchomelewa ilituachia njia ya Engare Sero tukielekea Ziwa Natron. Upande wa difu ulikatika, upande wa transfa ukaendelea kuizungusha. Ikapiga giaboksi, ikang'oa bomba la breki, kelele yake sijaisahau. Krosi nilikuja kuiokota mchangani vipande vipande. Wageni walikaa juani mpaka gari nyingine ilipotoka Mto wa Mbu. Usiende nayo.

Lete Picha
Ngojeni kwanza. VX ya 1996 inavuta miguu yote muda wote, kasema mwenyewe. Ukitoa propela ya mbele, nguvu yote inakimbilia upande usio na kazi, gari haisogei. Huyu kafikaje Kibaha? Hii chai, wakuu. Kesho atasema ameibiwa na muuzaji wa Dubai, aombe mchango.

Kijana wa Sinza
Nilihisi tangu mwanzo.

Mpwa wa Rufiji
Kuna kitufe cha kufunga difu ya kati, ile ya kwenye transfa, ili mbele na nyuma vizunguke pamoja. Fundi alikibonyeza kabla hatujatoka na taa iliwaka njia nzima, gari ikawa inasukumwa na miguu ya nyuma peke yake. Mimi siombi mchango wa mtu. Picha hizi hapa, ya taa, ya propela mezani, na ya chini ya gari.

Mzee wa Spana
Nimezikuza. Anasema kweli, na kipimo alichofanya ndicho sahihi. Lakini tazama picha ya pili. Kile kibati cha uzito kilichochomelewa kiwandani kusawazisha bomba hakipo. Kabla ya kukata, alikwaruza alama ndefu pande zote mbili ili masikio yanayoshika krosi yarudi mkao uleule? Baada ya kuunga, ilipanda kwenye mashine ya balansi?

Mpwa wa Rufiji
Alama sikuona. Balansi alisema si lazima kwa propela fupi.

Mzee wa Spana
Ni lazima. Tatizo liko hapo, si kwenye inchi 4. Tafuta propela ya kiwandani ya 80, iliyotumika haina neno, ambayo haijaguswa na moto. Na bushi zako za kasta itakaa vizuri.

Bi Mkubwa wa Tanga
Ijumaa unabeba nani?

Mpwa wa Rufiji
Wakwe zangu na watoto, mama. Shamba la baba mkwe liko kule, mvua ikinyesha udongo wa Rufiji hauna huruma. Ndiyo sababu ya kunyanyua.

Bi Mkubwa wa Tanga
Basi hiyo propela itoke leo.

Mpwa wa Rufiji
Itatoka. Springi sishushi, na ya Dubai nitaongea na muuzaji, huenda akakubali kubadilishana. Kuna jamaa Ilala ana ya kiwandani. Niangalie nini kabla sijalipa?

Mzee wa Spana
Shika slaidi uitikise kulia na kushoto, ikicheza iache. Kunja kila krosi kwa mkono pande zote, ikikwama hata kidogo idai mpya. Pitisha vidole kwenye bomba kutafuta sehemu iliyobonyea. Piga alama kwenye flanji, yale mabamba ya kufungia propela, kabla ya kufungua, na nati nunua mpya. Ukikosa mpaka Alhamisi, nenda bila propela ya mbele, difu ya kati umeifunga, lakini mvua ikianza usiingie shambani.