Kilimo, Kompyuta au Uvuvi: tuchague lipi Gredi ya 10?

MwalimuWaPwani: Walimu wenzangu, nisaidieni kabla ya kikao cha bodi. Shule yetu ni ya kutwa, iko karibu na bahari, ina mikondo miwili ya masomo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na Sayansi za Jamii. Mwanafunzi anachagua masomo matatu, angalau mawili ya mkondo wake. Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia na Biashara tayari tunayo. Imebaki nafasi moja. Wazazi wanataka Kompyuta, mimi naegemea Kilimo, na mjumbe mmoja anashikilia Teknolojia ya Bahari na Uvuvi.

BiChaki: Mna mashine ngapi? Sisi tunazo 14 kwa wanafunzi 48. Mmoja ameshika kipanya, wawili watatu wanachungulia begani. Stima ikipotea nachora kibodi ubaoni. Nasema haya kwa uchungu.

Jembe2: Kilimo hakitaki stima, kinataka maji na ua. Tulipanda sukumawiki Machi, shule ikafungwa Aprili, kurudi tukakuta mbuzi wa jirani wameshamaliza mradi. Hata hivyo bado ningechagua Kilimo. Walimu wengi wa Kilimo wamesomea na Biolojia, TSC, tume ya kuajiri walimu, ikikuletea mmoja umepata wawili.

Ngalawa: Mimi mtoto wa mvuvi, Uvuvi ningeupenda. Lakini nani atafundisha? Kuijua bahari ni kitu kimoja, kusimama darasani ni kingine. Na mtoto akihamia bara katikati ya mwaka, shule gani itampokea na somo hilo?

PanguaRatiba: Mwalimu, kabla ya somo angalia safu za ratiba. Masomo ya safu moja hufundishwa saa moja, mtoto anachukua moja tu. Ukiweka Kilimo na Biolojia pamoja, anayetaka udaktari wa mifugo umemfungia mlango, na yule mwalimu mmoja wa Jembe2 hawezi kuwa madarasa mawili. Jaribu hivi: Fizikia na Kilimo, Kemia na Jiografia, Biolojia na Biashara. Wa Sayansi za Jamii naye atapata Jiografia, Biashara na Kilimo.

MwalimuWaPwani: Hiyo naichora usiku huu huu. Kompyuta nitawaambia wazazi ingoje mashine. Jembe2, ua mliweka wa nini?

Jembe2: Senyenge, na michongoma chini yake. Kuna mbuzi mmoja bado anaingia, hatujui anapitia wapi.