Baba hatoi matunzo nikamzuia kuwaona watoto, sasa anataka kusafiri na mkubwa. Sheria inasemaje?

Mama Wawili

Wakuu habari za muda huu. Ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie.

Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 13, wa kike ana 5. Mimi na baba yao tuliachana bila mtu kwenda mahakamani. Tulikalishwa na wazee wa pande zote mbili tukaandikiana karatasi: watoto wakae kwangu, yeye atoe matumizi kila mwezi na ada, halafu awachukue wakati wa likizo. Karatasi ninayo, ina sahihi zetu na za mashahidi, ila tarehe haipo. Hakuna aliyekumbuka kuiandika.

Mwanzoni alituma vizuri. Baadaye ikawa nusu, kisha "nitaunganisha mwezi ujao", mwisho kimya. Nikamwambia hutoi, huwaoni. Na nilimaanisha.

Sasa amepata kazi nchi nyingine. Juzi kaniandikia: "Niandalie pasipoti ya kijana, wakifunga shule nakuja kumchukua. Akifika 14 atachagua mwenyewe pa kukaa na hutaweza kumzuia." Kijana naye ameshaanza kupanga nguo kwenye begi, na ripoti ya shule kaitia humo humo akamwonyeshe baba yake. Niliitoa. Kesho yake nikaikuta imerudi mle mle.

Bibi yao mzaa baba anasema ana haki ya kumchukua wa kike kila wikiendi, nipende nisipende.

Nauliza: nina haki ya kumzuia baba mpaka alipe? Ni kweli mtoto wa miaka 14 anachagua? Pasipoti nikatae? Na huyo bibi ana haki gani? Nchi sitaitaja, humu kuna mashemeji zangu wanasoma kila uzi.

Kisu Butu

Usimpe mtoto. Alipe malimbikizo yote kwanza, risiti mkononi, ndiyo muongee. Mwanaume asiyelisha hana cha kudai.

Pangu Pakavu

Kisu Butu, ushauri kama huu ndio umejaza watu mahakamani. Mimi ni upande wa pili: nalipa kila mwezi, na mtoto simwoni. Kila nikipanga kwenda naambiwa anaumwa, yuko kwa shangazi, ana mtihani. Nikisema na mimi nisitishe matumizi mpaka nimwone, si mtaniita baba mbaya? Basi na kinyume chake ni kosa hilo hilo.

Wakili wa Jioni

Dada, kwa kuwa hutaki kutaja nchi, nakupa yale yanayofanana kwingi, na mifano kutoka sheria ninazozifahamu. Ukifika kwa wakili wa kwenu atakurekebishia pale penu palipo tofauti.

Kwanza, matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili, wala moja si dhamana ya lingine. Chakula, ada na matibabu ni haki ya mtoto. Kumjua baba yake na kukaa naye ni haki ya mtoto vilevile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale inapokuwa kinyume cha maslahi yake. Angalia nani mwenye haki hapo: ni mtoto. Kwa hiyo ukimzuia baba kwa sababu ya deni, unamkata kijana kwa kosa ambalo si lake, na siku mkisimama mbele ya hakimu, baba ataanzia hapo hapo. Deni lake utakuwa umemsaidia kulisahaulisha.

Dai deni kwa njia ya deni. Fungua maombi ya matunzo. Mahakama zina uwezo wa kuamuru kiasi maalumu, na sehemu nyingi mwajiri huamriwa akate moja kwa moja kwenye mshahara. Kuhama kwake nchi kunatatiza lakini hakuui dai: upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1956 wa kudai matunzo nje ya nchi na upo wa Hague wa 2007. Muulize wakili kama nchi yako na hiyo aliyokwenda zimejiunga. Na kama bado hajaondoka, wahi ufungue maombi akiwa karibu, maana kumpelekea wito mtu aliye ng'ambo ni kazi.

Yapo mazingira ambayo kuzuia ni sahihi: kipigo, vitisho, ulevi wa kumhatarisha mtoto, unyanyasaji wa kingono. Hapo hungoji mtu. Unamtoa mtoto kwenye hatari, unaripoti, na unaomba amri haraka. Hukuandika lolote la namna hiyo, kwa hiyo sidhani ndipo tulipo.

Pili, ile karatasi. Ina thamani ya ushahidi, si amri. Wazazi hawawezi kuandikiana kitu kuhusu mtoto kikaifunga mikono mahakama. Na kwa kuwa hakuna amri, kwingi baba yake bado ana haki sawa na zako. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Uingereza hadithi ni nyingine kidogo: baba ambaye hajaoa hupata mamlaka ya mzazi akiandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na hilo ni kwa vizazi vilivyosajiliwa tangu Desemba 2003. Ndiyo maana ndoa yenu na vyeti vya watoto ni vitu vya mwanzo wakili atakavyouliza.

Tarehe usiiongeze sasa, hata kwa nia njema. Ukiongeza umeghushi. Waliotia sahihi wapo, wataeleza ilikuwa lini, na muamala wa kwanza aliokutumia utasema uliobaki.

Tatu, hili la miaka 14 linazunguka sana mitandaoni. Lina mahali lilipotoka: jimbo la Georgia kule Marekani linamruhusu mtoto wa miaka 14 kuchagua mzazi wa kuishi naye, na hata huko jaji anaweza kukataa. Sehemu nyingine nyingi hakuna umri wa kuchagua. Mtoto anasikilizwa, na sauti yake inazidi uzito kadiri anavyokua, lakini anayeamua ni mahakama. Kwa huyo wa kike, Tanzania kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama. Ni dhana tu, mzazi mwingine akileta sababu nzito inapinduliwa.

Mama Wawili

Asante sana wakili. Sasa hapo kwenye kusikilizwa ndipo pananitisha. Kijana wangu akiulizwa atasema baba. Huko ndiko kuna simu mpya na hakuna kuosha vyombo. Mimi ndiye wa "umemaliza kazi ya shule?" Si nimeshashindwa kabla ya kuanza?

Ustawi Mstaafu

Hujashindwa, mama. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na ripoti za watoto wa wazazi waliotengana nimeziandika nyingi, kwa hiyo nikueleze jinsi inavyokwenda.

Mtoto haulizwi "unampenda nani". Ofisa anayejua kazi yake haulizi hivyo kamwe. Tunakuja nyumbani, tunaangalia analala wapi, madaftari yake yako wapi, nani anajua jina la mwalimu wake. Tunakwenda shuleni. Tunaongea na mtoto peke yake, pengine uwanjani, na tunaanza na mambo yasiyohusu kesi. Hakimu akitaka kumsikia mwenyewe, mara nyingi humwita chumbani kwake, wazazi wakabaki nje.

Na tunasikiliza maneno. Mtoto wa miaka 13 akiniambia "mama hana uwezo wa kukidhi mahitaji yangu", najua kuna mtu mzima amepita hapo. Akisema "kule nitakuwa na chumba, na baba ananifundisha kutengeneza baiskeli", hilo ni lake, naliandika. Simu mpya naiandika pia, chini kabisa.

Usimfundishe cha kusema. Tunajua. Na usimuulize akirudi, "walikuuliza nini?"

La begi: usiitoe tena ile ripoti. Kijana anataka baba yake aone maksi zake. Hilo halina ugomvi na wewe.

Kisu Butu

Mzee, kwa hiyo baba akae miezi bila kutoa kitu halafu aletewe mtoto na ripoti? Mama ndiye amelipa hiyo shule.

Ustawi Mstaafu

Ndiyo, mama amelipa, na risiti zake zikaingie mahakamani kwenye dai la matunzo. Zikiingia kwenye mdomo wa mtoto hazisaidii mtu. Nimewahi kumsikia mtoto wa darasa la tatu akitaja kiasi anachodaiwa baba yake mpaka senti. Hesabu alizofundishwa shuleni hazijui, hiyo anaijua.

Mpiga Mluzi

Mimi nazungumzia safari, maana naona wengi wamepita haraka. Pasipoti na ruhusa ya kusafiri msivichanganye. Nchi nyingi zinataka ridhaa ya wazazi wote wawili kumpa mtoto pasipoti, na mpakani huulizwa barua ya mzazi asiyekuwepo. Kwa hiyo una kauli. Lakini ukikataa tu bila sababu, baba anaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa, na "sitaki" peke yake haitoshi.

Ningekuwa wewe ningejibu kwa maandishi kwamba hupingi mtoto kumtembelea baba yake, ila safari iwe na tarehe ya kwenda na kurudi, tiketi ya kurudi, anwani atakayokaa, simu ya kumpata, na yote yaingie kwenye amri ya mahakama kabla ya kuondoka. Baba mwenye nia ya likizo atakubali. Akianza kuwaka moto kwa sababu ya tiketi ya kurudi, umeshajua jambo.

Angalia pia kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 wa utekaji wa watoto kimataifa. Unahusu watoto chini ya miaka 16. Mzazi akimhamisha au kumzuia mtoto isivyo halali, nchi aliko hutakiwa kumrudisha alikokuwa akiishi, kisha mvutano wa malezi uamuliwe huko. Ukilalamika kabla ya mwaka kupita unakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu baada ya hapo anaweza kujitetea kwamba mtoto ameshazoea. Siyo nchi zote zimejiunga. Kama aliko hakumo, tahadhari yako iwe mara mbili, maana ukishamwachia kumrudisha inaweza kuchukua miaka.

Bibi wa Watatu

Mwanangu, mimi ni bibi, nitasema ukweli ingawa unaniuma. Bibi hana haki sawa na mzazi. Mama mkwe wako hawezi kuja kumchukua mtoto kwa nguvu, na ukimkatalia hajaonewa kisheria.

Lakini usimfungie mlango kabisa. Mtoto wa miaka 5 akipoteza nyumba ya bibi, kapoteza mengi. Mpangie Jumamosi zako unazotaka wewe, saa ya kuja na saa ya kurudi.

Wakili wa Jioni

Bibi kasema vizuri, niongeze kidogo tu. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2000 ilisema uamuzi wa mzazi anayefaa lazima upewe uzito pale babu na bibi wanapodai kumwona mjukuu. Ila Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamruhusu hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kuomba kumwona. Swali litakuwa: huyu bibi amewahi kumlea huyo binti, au anamtaka sasa kwa kuwa kuna ugomvi?

Mama Wawili

Alimlea miezi kadhaa nilipokuwa nimelazwa. Siwezi kulikataa hilo.

Nimemwandikia baba yao kama alivyosema Mpiga Mluzi. Kajibu "sawa tutaona". Sasa swali la mwisho: shule zinafunga wiki mbili zijazo. Akitokea shuleni kabla sijapata amri yoyote, mwalimu anaweza kumkatalia?

Wakili wa Jioni

Bila amri, mwalimu yuko mahali pagumu. Kwingi hana mamlaka ya kumkatalia mzazi mtoto wake, na ukimwambia tu kwa mdomo atahofia kuingia kwenye ugomvi wenu. Nenda wiki hii mahakamani uombe malezi na matunzo kwa pamoja, na ndani yake uombe amri ya muda: mtoto asitolewe nchini mpaka maombi yasikilizwe, na wakati huo huo baba apangiwe siku za kuonana naye. Omba isikilizwe kwa dharura, ambatisha ule ujumbe wake wa pasipoti ukiwa mzima, pamoja na jibu lako. Ukipata amri, nakala ya kwanza mpelekee mkuu wa shule akusainie kuipokea, ya pili ipeleke uhamiaji. Kama huna fedha za wakili, ulizia msaada wa kisheria pale pale masjala ya mahakama, wanajua nani anatoa.

Na kijana apige simu kwa baba yake leo, usisubiri kesi.