Kikundi cha familia: kwenye besiboli, nani mkali wa kupiga kulia na kushoto?

Juma (Atlanta): Narudia, na msinitoe kikundini: kwa wanaopiga pande zote mbili, Chipper Jones namba moja.

Mjomba Hamisi (Baltimore): Weee! Eddie Murray umemweka wapi?

Juma: Shikamoo mjomba. Namba tatu 😂

Mjomba Hamisi: Marahaba. Namba tatu? Mtu kapiga hiti 3,255 (kupiga mpira na kufika kituo salama) na homrani 504 (pigo la kuzunguka vituo vyote)! Waliofikisha 3,000 na 500 kwa pamoja hawajazi hata daladala.

Mama Mkubwa Zainabu (Tanga): Assalaam alaykum. Huku tumeshaswali Alfajiri nyie bado mnabishana. Kupiga pande mbili ndio nini?

Rehema (Seattle): Waalaykum salaam mama. Ni besiboli. Mrushaji akitumia mkono wa kulia, mpigaji anasimama upande wa kushoto. Akija mrushaji mashoto, anahamia kulia. Mpira wa kujipinda unakuwa unamjia, haumkimbii.

Mama Mkubwa Zainabu: Kigeugeu tu huyo.

Mjomba Hamisi: 😂😂 Dada!

Idi (Bronx): Mnamrukaje Mickey Mantle? Mwaka 1956 wastani wa kupata hiti .353, homrani 52, pointi 130 zimeingia kwa gongo lake. Kaongoza ligi kwa vyote vitatu. Jumla homrani 536, wa pande mbili hakuna aliyemfikia. Na goti liliharibika fainali za 1951, mwaka wake wa kwanza!

Juma: Mantle alikuwa moto zaidi akisimama kulia. Chipper wastani kulia .304, kushoto .303. Mnaona tofauti? Hakuna. Hoja yangu ni hiyo tu. Sifa ya kupiga pande mbili, basi zote mbili ziwe kali.

Rehema: Na Cal Raleigh wetu? 2025 kapiga homrani 60, kavunja rekodi ya wa pande mbili kwa msimu, ile 54 ya Mantle ya 1961. Tena ni mdakaji, anachuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima halafu anaenda kupiga.

Mjomba Hamisi: Msimu mmoja huo, mwanangu. Murray hakuwahi kupita homrani 33 kwa mwaka, lakini misimu 21 yupo tu. Pointi alizoingiza 1,917, Mantle hazioni.

Idi: Kwa kukaa muda mrefu basi mchukue Pete Rose. Hiti 4,256, hakuna aliyempita, awe wa upande mmoja au miwili.

Juma: Nguvu ya homrani hakuwa nayo. Halafu 1989 akafungiwa maisha kwa kubeti.

Mama Mkubwa Zainabu: Kumbe na huko kubeti kunaharibu watu. Idi umesoma hapo?

Idi: Nimesoma mama 🙏🏾

Mama Mkubwa Zainabu: Sasa mtu anajifunzaje mikono miwili ukubwani?

Idi: Anaanza mdogo. Mantle kule Oklahoma alikuwa anasimama mbele ya banda la bati, baba na babu yake wanamrushia, mmoja kwa kulia, mwingine kwa kushoto. Kila siku.

Mama Mkubwa Zainabu: Hamisi naye alizaliwa mashoto. Akipeleka mkono wa kushoto kwenye sahani ya wali, marehemu mama anamgonga na mwiko mpaka akageuka.

Rehema: 😂😂😂 Mjomba!

Mjomba Hamisi: Dada, humu kuna watoto.

Juma: Kumbe mjomba ungekuwa namba nne.

Mjomba Hamisi: Murray namba moja. Nalala, kesho naingia kazini alfajiri.