Ushauri: mashoga wa mama wanakuja kutoka Pemba, nataka wale vizuri na wasikilize taarabu asilia

Assalaam alaykum. Naomba ushauri, hasa kwa wenyeji wa Mji Mkongwe. Mashoga wawili wa mama, rafiki zake aliosoma nao chuoni Wete, wanakuja Unguja Ijumaa ijayo kwa boti ya Mkoani. Wote wameshapita miaka 70. Nataka watoke wakale, wasikilize taarabu ile ya ala za udi, kanuni na fidla, na Jumapili tule pamoja mchana kabla hawajarudi.

Wasiwasi wangu ni Jumamosi usiku. Mwaka jana nilimpeleka mama hoteli moja, chakula na taarabu pamoja. Mpiga kanuni akaanza taksimu, ule upigaji wa kubuni papo hapo, peke yake, nyuzi zinalia taratibu, huku nyuma yetu sahani zinakusanywa, vijiko vinagongana na watu wanacheka. Mama aliweka uma chini, hakula tena. Garini akaniambia, "Yule kijana alikuwa anasema na sisi." Iliniuma sana. Halafu mikahawa ya juu ya paa siiwezi, ngazi zile magoti yao hayapandi.

Mtoto wa Vuga: Waalaykum salaam dada. Waleni kwanza, taarabu baadaye, tena mahali pengine. Pita mapema kwenye vikundi vya taarabu, Culture Musical Club hapa Vuga au Ikhwani Safaa Malindi, ulizia siku wanayopiga, hata kama ni mazoezi. Ikhwani wapo tangu 1905, huko watu huenda kusikiliza. Na uwawekee wazee noti ndogondogo za kumtunza mwimbaji. Beti ikimgusa mtu mzima atataka kuinuka, asianze kupekua mkoba.

Pweza Mkavu: Forodhani, kwenye vyakula vya usiku, Jumamosi sikushauri, msongamano mkubwa na pa kukaa shida. Urojo utawanunulia siku nyengine. Nendeni mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini. Chakula wanakiona kwa macho, wanaonesha wanachotaka. Wahini kabla watu hawajajaa.

Bibi wa Kikwajuni: Mwanangu, Jumapili usiwapeleke popote. Tandika mkeka, weka wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye sinia moja, kisha waache. Mashoga walioanza pamoja chuoni wana mengi ambayo hawawezi kuyasema mbele ya wahudumu. Mama zao ndio waliomsikia Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, akiwa hai, maana alifariki 1950. Wakianza kuzikumbuka nyimbo walizozisikia kwao, kaa karibu usikilize, na simu iweke mbali.

Muuliza swali: Ahsanteni sana, na wewe bibi Mungu akuweke. Leo jioni nimepita Vuga, nimeelekezwa vizuri. Jumapili nimemuuliza mama mwenyewe. Kasema anataka pweza wa nazi, atampika yeye kwa mkono wake, na nisialike mtu mwengine.