Mtoto wa miezi 3 anashtuka kwa kila sauti, na mimi mwenyewe kelele zinanishinda. Naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Naishi Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Binti yangu ana miezi 3. Bodaboda ikipiga honi anarusha mikono, kisha analia mpaka sauti inakauka. Kumwogesha ni vita. Sweta hataki kabisa, ila nikimfunika kanga kuukuu iliyolainika anatulia. Kliniki wamempima: uzito unapanda, homa hana, anasikia vizuri.

Kinachoniumiza ni kwamba na mimi niko hivyo tangu utotoni. Redio ya jirani, harufu ya dagaa, hata kuguswa nikiwa nimechoka, mwili wote unasisimka. Akilia nakakamaa, naye akihisi nimekakamaa anazidi. Juzi nilimlaza kitandani nikatoka uani kupumua, nikarudi nimejaa machozi.

Mama mkwe anasema ni jicho, tumfunge hirizi. Hapo sikubaliani naye, ingawa ndiye anayenipokea mtoto usiku. Najua kilio cha vichanga huzidi kwenye wiki ya 6 na kupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4, lakini wangu bado. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, chumba kikiwa na giza, kunasaidia kidogo.

Mliopitia haya, mliwatulizaje? Na ninyi wenyewe mlitulia vipi?