Vidonge vya isoflavoni za soya: vina faida, na je, ni salama?

MamaWawili: Wadau, habari zenu. Nina miaka 51, hedhi ilishakoma. Usiku joto linanipanda ghafla, naamka nimelowa jasho. Rafiki yangu anameza vidonge vya isoflavoni za soya (viambato vya asili vya soya) na anaviapia. Tatizo, nasikia zinafanana na estrojeni, homoni ya kike, na mama yangu mdogo aliwahi kuugua saratani ya matiti. Pia natumia levothiroksini, dawa ya tezi ya shingo. Ushauri tafadhali.

Mchunguzi77: Pole dada. Rafiki yako hadanganyi, ila ushahidi wake haukutoshi. Kwenye majaribio ya joto la ghafla, hata wanaopewa kidonge kisicho na dawa wengi wao hupata nafuu. Marekani mwaka 2011 yalitoka matokeo ya wanawake waliomeza miligramu 200 za isoflavoni kila siku kwa miaka 2: mifupa haikusaidika, na waliopata joto la ghafla walikuwa wengi zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliopewa kidonge tupu!

Bi_Zuhura: Mimi vilinisaidia. Msituvunje moyo.

Mchunguzi77: Sikatai, bibi. Inasemekana utumbo nao una mchango: bakteria za baadhi ya watu hugeuza daidzeini, mojawapo ya isoflavoni za soya, kuwa ekwoli, kemikali yenye nguvu zaidi, za wengine haziwezi.

Mfamasia_Mstaafu: Tuanze na tezi, maana hapo ndipo pa haraka. Soya inaweza kupunguza levothiroksini inayofyonzwa tumboni. Usivimeze pamoja, acha saa kadhaa katikati, na ukianza mwambie daktari apime tena damu.

Kuhusu saratani: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia tafiti mwaka 2015 na haikuona dalili ya madhara kwa matiti, kizazi wala tezi kwa wanawake wenye afya waliokwisha koma hedhi, kwa miligramu 35 hadi 150 kwa siku. Tazama hilo neno "wenye afya". Aliyewahi kuugua saratani inayotegemea estrojeni hahusiki na faraja hiyo. Wewe ni jamaa wa mgonjwa, si mgonjwa, lakini mtajie daktari. Japani wao ni wakali zaidi: nyongeza ya vidonge isizidi miligramu 30 kwa siku.

Kipepeo: Kwa hiyo tuache na kula soya?

Mfamasia_Mstaafu: La hasha, soya ya chakulani ni jambo jingine. Kidonge kinakusanya dozi, tena kwenye lebo nyingine huandikwa "dondoo ya soya" bila kusema isoflavoni ni kiasi gani. Kama kiasi hakikuandikwa, usinunue. Na utafiti mmoja wa Italia, miligramu 150 kwa miaka 5, ulikuta ukuta wa kizazi umenenepa kwa wachache. Ukiona damu baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali, usisubiri.

MamaWawili: Asanteni sana. Nimeamua kumuuliza daktari kwanza, na nitamuuliza pia dawa zenye ushahidi kwa hili joto. Kipimo cha tezi nacho nilikuwa nimekiahirisha muda mrefu.

Bi_Zuhura: Ukishapata majibu utuambie, wengine tunafuatilia uzi.